Sifa za Marehemu

Babu yetu alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, huko deltani. Mimi nilikuwa Kibiti mjini. Alfajiri nikawahi Nyamisati kutafuta boti, mfukoni nina karatasi tupu, maana mjomba alishaniagiza: "Wewe si ndiye mwandishi? Basi wasifu wa mzee utasoma wewe."

Ndugu msomaji, nilifurahi. Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Riwaya yangu hakuna aliyewahi kuisoma, na leo nitasikilizwa na kijiji kizima! Tukingoja maji yajae nikaandika: shujaa, nguzo ya ukoo, mkarimu asiye kifani, hakupata kumkosea mtu.

Nilipofika nikaingia ndani kumsomea bibi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo ni nani, mjukuu wangu?"

Nikanywea. Wasifu na sifa ni maneno ya tumbo moja, yote yametoka katika Kiarabu, na huko shina lake ni kueleza kitu jinsi kilivyo. Urefu ni sifa. Ukali nao ni sifa. Ndiyo maana tangazo la kazi huandika "sifa za mwombaji" na halimpambi mtu (hayo nayajua vizuri, nimeyasoma mengi tangu nimalize kidato cha nne). Sisi tumeivuta sifa upande wa kutukuza tu, halafu mitaani tukimwona mtu anajikweza tunasema, "Huyu anapenda sifa." Wahenga wao walidai ushahidi: asifuye mvua imemnyea. Sasa mimi, katika karatasi ile, nilikuwa nimelowa wapi?

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza upya. Kwamba alikata boriti za mikoko, akizihesabu kwa korija, yaani 20 kwa 20, na korija yake haikupungua hata boriti moja. Kwamba alikuwa mkali. Alinichapa siku niliyopoteza kasia lake, na usiku akaja kunifunika shuka akidhani nimelala. Kwamba akiazima kitu, kurudisha alikuwa anasahau.

Mjomba akasoma juu ya bega langu. "Hilo la kuazima futa, bwana. Unatuaibisha mbele za watu."

"Liache," bibi akasema kutoka ndani. "Anakwenda na madeni ya watu, halafu nyie mnayaficha?"

Nikasoma kabla jeneza halijainuliwa, sauti inatetemeka. Nilipofika pale pa kuazima, mzee mmoja jirani akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. "Kweli kabisa! Wavu wangu mpaka leo!"

Watu wakacheka, msibani. Mjomba akainamisha kichwa. Yule mzee akajifuta uso kwa kanzu, akasogea karibu na jeneza.

"Nimemsamehe," akasema. "Haya, mchukueni."