ALIUZA AISKRIMU ZAIDI YA MIAKA MITATU, HELA YA KUSUKA AKAWA ANAOMBA

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2022, joto lile la Songea la kabla ya mvua kuanza. Foleni dukani ilianza saa nane mchana na haikukatika mpaka usiku. Mdada wa miaka 23 alipima, akachota, akapokea hela, akarudisha chenji, akafuta meza. Saa tatu usiku droo ilikuwa na zaidi ya laki mbili, na kila noti ilikuwa imepita mikononi mwake.

Akamgeukia mama yake. "Mama, naomba elfu kumi na tano nikasuke kesho."

Mama akajibu bila hata kuinua macho, "Msubiri kaka yako arudi, mwanangu. Yeye ndo anajua hesabu."

Kaka mtu alikuwa ametoka na vikombe vitatu kwenda kuvipiga picha za Instagram. Alirudi saa tano, dada ameshalala. Nywele hazikusukwa.

Ukiisikia juu juu, unaweza kusema ni kitu kidogo. Lakini duka hilo, ambalo leo wenyeji wanalijua kwa aiskrimu ya korosho, nusura lifie hapo.

Stori yenyewe inaanzia kwenye friji moja pale Bombambili. Mama, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa anauza barafu za ubuyu na ukwaju dirishani kwake, za hamsini na za mia. Enzi hizo Songea haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mgawo ulikuwa sehemu ya maisha. Ukikatika mchana, barafu zinageuka juisi, na watoto wa shule wanapita dirishani wakiuliza, "Mama, zimeganda?" Zikiwa hazijaganda, hakuna hela, na jioni inapikwa mboga ya majani tena.

Mambo yakabadilika mwaka 2018, laini kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipoiunganisha Songea na gridi. Aprili 2019 Rais John Magufuli akaja kuuzindua mradi huo. Mitaani watu walizungumzia viwanda na mashine za kusaga. Kwenye nyumba ile ya Bombambili walizungumzia friza. Mama akavunja kibubu, akaongezea hela ya mchezo wa kina mama, akanunua friza la mtumba.

Binti alikuwa nyumbani tangu amalize kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, kwa nini tusitengeneze aiskrimu?" Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima. Mama akaogopa hata kukigusa kifuko cha barafu, na wazo la vikombe likapita bila mjadala.

Sasa aiskrimu si barafu. Barafu unachanganya, unafunga, unatupia kwenye friza, unaenda kulala. Aiskrimu ina masharti. Binti alijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu maziwa ya watu. Unapika maziwa na ute wa njano wa yai kwa moto mdogo huku unakoroga, ukizubaa tu yanakatika. Ukiepua usikimbilie friza. Acha mchanganyiko upoe, uulaze usiku kucha kwenye friji, kesho yake ndo ugandishe. Hakuwa na mashine, kwa hiyo kila nusu saa alifungua friza, akakoroga kwa mwiko kuvunja chenga, akafunga. Nusu saa nyingine, tena. Mkono mmoja ulikuwa mnene kuliko mwenzake, akawa anautania mwenyewe.

Ladha hakuiga za Dar. Alitumia vya Ruvuma: korosho za Tunduru, ufuta wa Namtumbo, kahawa ya Mbinga. Ufuta anaukaanga mkavu mpaka utoe harufu, anautwanga kidogo, anautia mwishoni ili usilainike. Watu wakaanza kuja kutoka Mfaranyaki, kutoka Lizaboni, bodaboda wakawa wanatumwa. Kulikuwa na tatizo moja: Songea ni mji wa juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai watu wanatembea na masweta. Nani anunue aiskrimu huku meno yanagongana? Binti akaongeza kashata za ufuta na keki za kulia chai kwa miezi hiyo. Msimu wa baridi ukapita bila deni.

Kaka mtu akarudi 2021. Dar hakukumwendea vizuri, lakini alirudi na maneno na simu nzuri. Tusimwonee, alisaidia. Alihamishia biashara kwenye fremu ya barabarani, akachora nembo, akafungua ukurasa wa Instagram, akaanza kuchukua oda za sendofu na kitchen party. Alipenda kuwakumbusha kwamba hata Bakhresa alianza na mgahawa mdogo. Mauzo yakapanda. Kwenye ukurasa akajiandika Mkurugenzi. Wateja wakamsifia, "kaka unatisha," na dada akitajwa anaitwa "yule mdada wa hapo."

Na hapo ndo kwenye utamu wa stori, au uchungu wake. Kaka alikuwa na bando la ofisi, nauli ya ofisi, na viatu vya kukutania na wateja. Mama alikuwa anachota ya sukari, ya mchango wa msiba, ya jirani mwenye shida. Mdogo wao wa mwisho alilipiwa ada. Dada peke yake ndiye hakuwa na fungu, na hakuna aliyekaa akaamua kumdhulumu. Mama alikuwa anawaza kama wazazi wengi: mtoto yupo kwao, anakula, analala, mshahara wa nini? Ukimuuliza, angesema duka lote ni la watoto wake. Ni kweli. Ila la wote bila hesabu huwa la yule anayeshika droo.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi, dada akaaga. Hakugombana na mtu. Alisema amepata kazi Mbinga kwa mama mmoja mwoka keki, laki moja na nusu kwa mwezi na chumba. Kaka akacheka, "Laki na nusu? Nenda, utarudi mwenyewe." Mama akadhani ni hasira za kitoto.

Wiki ya kwanza kaka akanunua mashine ya aiskrimu kwa mkopo. Akasema sasa mambo ya mwiko basi. Akapika, akamimina ya vuguvugu moja kwa moja kwenye mashine, maana oda zilikuwa zinasubiri. Ikatoka na chenga kama mchanga. Akaongeza sukari, ikagoma kuganda. Umeme ukakatika, ikayeyuka, akaigandisha upya akauza hivyohivyo. Mteja mmoja wa siku zote akaonja, akarudisha kikombe mezani taratibu, akauliza, "Yule dada yuko wapi?"

Ndani ya mwezi mmoja oda mbili za harusi zikarudi. Ukurasa uliendelea kupendeza, foleni ikaisha.

Mwisho wa Novemba simu ya mama ikalia. Ujumbe wa M-Pesa. Amepokea shilingi 30,000, na jina la mtumaji ni la binti yake. Mama akausoma, akaurudia. Zaidi ya miaka mitatu yule mtoto alikuwa amemwingizia hela kila siku, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuona jina lake limeandikwa pembeni ya hela. Aliwaambia majirani baadaye kwamba alishindwa kula usiku ule. Kumbe binti alikuwa na hela ya kutoa. Kumbe hata nyumbani angekuwa nayo, kama angepewa iwe yake.

Asubuhi akapanda gari la Mbinga. Alimkuta binti kwenye chumba chake, kitanda, ndoo na jiko la mkaa. Kichwani amesuka, nywele zimependeza. Mama hakusema "rudi nyumbani, familia inakuhitaji." Alisema, "Mwanangu, nilikukosea. Niambie unataka nini."

Binti alikuwa ameshaandika kwenye karatasi ya daftari. Moja, mshahara kwa kila anayefanya kazi, mama akiwemo, tarehe moja. Mbili, hakuna kikombe cha bure ambacho hakijaandikwa, hata cha shangazi. Tatu, jina lake liwepo kwenye karatasi za duka.

Kaka alipoonyeshwa, akafoka. "Hii ni tamaa! Ndugu wanalipana?" Mama akamletea daftari la matumizi, wakajumlisha pamoja mezani. Bando, nauli, viatu, vocha, soda za wateja. Kwa mwaka mmoja kaka alikuwa amechukua zaidi ya alichokuwa anaomba dada kwa mwaka mzima. Alinyamaza. Aliondoka hadi uwanja wa Majimaji kuangalia mpira, akarudi usiku, akasema, "Sawa." Tofauti na wanaume wengi, hakuirudia tena hoja ile.

Dada alimaliza mwezi wake Mbinga kiungwana, akarudi. Kazi ya kwanza aliyofanya ni kuifundisha ile mashine tabia: mchanganyiko ulale kwenye friji kwanza, hakuna kumimina cha moto. Chupa za maji ya chumvi zilizogandishwa zikapangwa ndani ya friza, umeme ukikatika hakuna kufungua mlango ovyo. Kilichoyeyuka hakigandishwi tena, kinamwagwa na kinaandikwa hasara. Kaka akabaki na anachokiweza kweli, oda na matangazo. Mama akashika manunuzi, maana hakuna mtu Soko Kuu anayeweza kumpiga bei.

Wateja hawakurudi siku moja. Februari, wiki ya kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji, mji ukajaa wageni, na kwa mara ya kwanza walimaliza kila kitu mchana. Mwezi uliofuata mkopo wa mashine ukaisha nusu. Baadaye likaja friza la pili, kisha meza ndogo ya kuuzia karibu na stendi. Mafanikio yao si ya kutisha. Ni duka linalolipa kodi ya fremu kwa wakati na ada ya mdogo wao bila kukopa.

Jina la biashara wakalisajili BRELA mtandaoni, kaka ndiye aliyejaza fomu. Alipofika sehemu ya wamiliki akainua kichwa, akasema, "Dada, nipe namba yako ya NIDA." Zikaingia namba tatu.

Ya meza ya stendi ilihitaji mtu, wakamchukua msichana mmoja wa Lizaboni aliyemaliza shule. Siku ya kwanza akafunga aproni, akasimama anavutavuta kamba zake, akaogopa kuuliza. Dada aliona, maana anaujua ule uso.

"Mshahara ni tarehe 30," akamwambia. "Na ukitaka kusuka kabla ya hapo, unaandika kwenye daftari, unachukua. Huombi."

Kama kwenu kuna duka, mgahawa, saluni au genge, angalia leo usiku nani anafunga mlango na nani anashika droo. Kisha muulize anayefunga mlango mara ya mwisho alilipwa lini.