Mfugaji Bila Ng'ombe

Mwezi wa Machi 2018 nilikaa siku tisa nyuma ya meza ya mbao, kwenye uwanja wa Hospitali Kuu ya Bunia, nikiandika majina ya watu. Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka uliotangulia na ada ya chuo ilikuwa haijapatikana. Shirika moja lilitafuta vijana wenye mwandiko unaosomeka na wanaosikia lugha zaidi ya moja. Fishi yenyewe ilikuwa ya Kifaransa, maswali niliyauliza kwa Kiswahili, na majibu mara nyingi yalikuja kwa lugha ya tatu. Safu zilikuwa tano: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, idadi ya watu wa nyumbani, kazi.

Msomaji wa Bunia hana haja ya kuelezwa watu hao walitoka wapi. Machafuko ya Djugu yalikuwa yameanza tena Desemba 2017, na kufikia Februari watu waliingia mjini kwa miguu na juu ya malori, huku wengine wakivuka Ziwa Albert kuelekea Uganda. Kabila la huyu na la yule sitalitaja. Anayeishi hapa atajua, au atadhani amejua, na kwa vyovyote ng'ombe walioibiwa na nyumba zilizochomwa hazikuwa za upande mmoja tu.

Siku ya tatu alifika mbele ya meza yangu babu, baba wa mama yangu. Tulikuwa hatujapata habari zake kwa siku kumi na moja. Alikuwa amepanga mstari tangu asubuhi, nyanya akiwa nyuma yake, amejifunga kitenge cha mtu mwingine. Nyumba yetu ya Mudzipela haikuwa mbali, lakini hakutaka kuanzia huko. Baadaye alimwambia mama kwamba mtu haingii nyumbani kwa mkwe wake akiwa mikono mitupu, tena kwa kulala. Hilo sikuweza kulibishia, kwa maana hata baba yangu alilisikia akanyamaza kwa heshima.

Nilimuuliza maswali yote matano kama vile simjui. Nilidhani ndiyo adabu ya kazi. Alizaliwa 1955. Watu wa nyumbani: wawili. Kazi?

“Mufugaji,” alisema.

Asubuhi ile tulikuwa tumeagizwa kwamba safu ya kazi ni ya kazi ya leo, si ya jana. Asiye na shamba wala mifugo aandikiwe *sans*, yaani bila. Hakuna aliyesimama nyuma yangu kunikagua. Niliandika *sans* kwa mkono wangu. Babu alisoma miaka minne ya sekondari kwa mapadri na Kifaransa anakisoma hata kikiwa kimepinduliwa juu chini. Aliliangalia neno lile, akaniangalia, akasema polepole, “Miye ni mufugaji.” Kisha akachukua kalamu akatia sahihi.

Sijawahi kuzungumza naye juu ya jambo hilo. Naliandika hapa kwanza.

Ng'ombe wake walikuwa themanini na sita. Idadi hiyo niliipata kwa nyanya, kwa sababu babu hahesabu ng'ombe mbele ya watu. Ni mwiko, na pia ni majivuno ya aina yake. Lakini ng'ombe walikuwa nusu tu ya mali. Nusu ya pili ilikuwa kiti. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na kiti cha mbao chini ya mti, na watu walikuja kukalia mabenchi kukizunguka na kesi zao: mpaka wa shamba, mahari isiyokwisha, mbuzi aliyekula mahindi. Alipoinuka, walioketi waliinuka. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba hiyo ni sheria ya dunia kwa wazee wote.

Kambini hakuna aliyeinuka. Vijana wa mashirika walimwita “papa”, kama walivyomwita kila mwanamume mwenye mvi, na wenyeji wa mtaa waliwaita wote *deplase*. Neno hili limenisumbua kuliko mengine. Mkimbizi angalau ametenda jambo: amekimbia, miguu ilikuwa yake. Deplase ni kitendewa, ni mtu aliyesogezwa kama meza. Babu alilichukia kabla mimi sijajifunza kulichambua. Alipohamishiwa Kigonze alikaa mlangoni mwa hema karibu mwaka mzima bila kufanya kitu, na kila alipoulizwa habari alijibu kwa wakati uliopo: “Minafugaka.” Kwetu Bunia ile -*ka* ya mwisho wa kitenzi ni ya mazoea, kama *hu*- ya Kiswahili sanifu. Hufuga. Alikuwa anafuga mlangoni mwa hema.

Mwaka wa pili wa masomo yangu, mwalimu wa mofolojia alitufundisha nomino za -*ji*: msomaji, mwindaji, mfugaji. Alisema kiambishi hicho huonyesha anayefanya jambo kwa mazoea. Niliinua mkono nikauliza mazoea yakikatwa neno linakuwaje. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia niende nikasikilize watu wenyewe wanasema nini. Sikumwambia kwamba nilikuwa tayari nimesikia.

Maana kabla ya hapo, mwaka 2020, babu alinisimulia kisa ambacho sikukiomba. Mobutu alipotangaza Novemba 30, 1973 kwamba biashara za wageni zipewe raia, babu alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Bunia ilikuwa na wafanyabiashara Wagiriki, na mmoja wao, mtu wa makamo, duka lake lilipata mwenyewe mpya, mmoja wa wale walioitwa *acquéreurs*. Yule Mgiriki hakuondoka mara moja. Alibaki dukani akimwonyesha tajiri mpya jinsi ya kuandika daftari, amesimama upande wa pili wa meza yake mwenyewe. Babu na wenzake walikuja kununua chumvi ambayo hawakuihitaji, ili wamwone tu. “Tulicheka,” alisema. “Miye nilicheka kupita wote.” Mwaka 1976 serikali ilikubali wageni warudishiwe mali zao, lakini mtu yule alikuwa ameshakwenda.

Nilingoja aniambie kwa nini ananisimulia hayo. Aliongeza jambo moja tu: kwamba yule mtu alikuwa na mwandiko mzuri, na kwamba hakuacha kuandika daftari vizuri kwa sababu duka si lake. Halafu akasema, kama anayeendelea na habari ileile, “Nilikuwaka na ng'ombe.”

Wakati uliopita. Nilihuzunika. Nilifikiri sasa amekubali kushindwa, nikarudi nyumbani nikamwambia mama, naye akalia. Tulikosea wote wawili. Wiki mbili baadaye alianza kuuza maziwa.

Maziwa hayakuwa yake. Yalikuwa ya mtu mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini, mwenye ng'ombe pembezoni mwa mji, ambaye alimkopesha lita kumi za kwanza. Babu alijua kila kitu juu ya maziwa na hakujua lolote juu ya kuuza. Kwao maziwa yalikuwa kitu cha kumpa mgeni, si cha kupima kwa kopo. Wiki ya kwanza alijaza kopo mpaka likamwagika, akawaongezea watoto, akamkopesha kila aliyeeleza shida zake vizuri, na mwishoni alikuwa na deni. Nyanya alichukua mfuko wa pesa akaufunga kiunoni mwake, na tangu siku hiyo biashara ikasimama. Alilalamika sana juu ya bidoni ya plastiki. Kibuyu unakifukiza moshi, alisema, maziwa yanakaa na yananukia. Bidoni ukiifukiza inayeyuka. Ilimbidi ajifunze kwa yule kijana kuisafisha kwa maji ya moto na majivu, akiwa ameinama kama mwanafunzi. Mwanzoni alitembea kwa miguu. Sasa anakodi kinga, bidoni mbili nyuma, na anaisukuma zaidi kuliko anavyoipanda.

Wauza chai wanamwita Papa Maziwa. Wengine humletea maziwa ya wachuuzi wenzake ili ayaonje na kusema kama yametiwa maji. Hukataa kusema mbele ya watu. Humwita mchuuzi pembeni. Sijui kama anatambua kwamba hiyo ni kesi na kwamba ameketi tena kwenye kiti. Mimi nimeona, lakini sitamwambia.

Mwaka jana orodha iliandikwa upya. Nilimsindikiza. Nyuma ya meza alikaa kijana wa umri niliokuwa nao mimi wakati ule, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi kwenye ubao. Aliuliza jina, mwaka, kijiji, watu wa nyumbani. Kazi?

“Mfugaji,” nilisema mimi, haraka, kabla babu hajafungua mdomo. Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa miaka.

Babu aligeuka akaniangalia kama mtu aliyenikuta nikiongea usingizini. “Wacha,” alisema. Kisha akamwambia kijana, “Muuzaji wa maziwa.” Kijana aliandika. Babu aliinama juu ya meza akasoma, akatia sahihi, akaniuliza kama tumemaliza, kwa sababu kinga alikuwa ameiegemeza uani na jua lilikuwa limeanza kuzifikia bidoni.