Nani Yuko Zamu?

Ubishi wa kompyuta ipi haipati virusi una mashabiki wake, na mashabiki hao hawashawishiki. Mwenye Mac atakwambia yake haiguswi. Mwenye Linux atakwambia hivyo hivyo, ila kwa maelezo marefu zaidi. Mwenye Windows hana la kujivunia, basi anakutajia jina la antivirusi yake. Nimeusikiliza ubishi huu kwa miaka mingi, kazini na vijiweni, na kadiri ninavyosoma visa vya mashambulizi yenyewe ndivyo ninavyoona swali limekaa upande. Kompyuta nyingi zilizoumia hazikuponzwa na jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Ziliponzwa na mtunzaji aliyechoka, aliyechelewa au aliyekwishaondoka. Au mtunzaji alileta dawa, mwenye kompyuta akaiacha mezani.

Tuanze na wanaojiona salama. Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia mtandaoni programu ndogo inayojinakili kutoka mashine moja hadi nyingine. Inakadiriwa iligusa kompyuta 6,000 hivi, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000. Mashine hizo ziliendeshwa na Unix, ukoo ambao Mac na Linux za leo zinajinasibisha nao. Windows haikuhusika kabisa. Mwaka 2012 programu hasidi iitwayo Flashback ikaingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kupitia tundu la Java. Oracle, wenye Java, walikwishaziba tundu hilo Februari. Apple, ambao siku hizo waliwasambazia wateja Java kwa mkono wao, walifikisha kiraka mwanzoni mwa Aprili. Watu waliliwa katika wiki hizo za katikati. Miezi michache baadaye Apple wakayaondoa kimyakimya kwenye tovuti yao yale majigambo kwamba Mac haipati virusi vya PC.

Halafu kuna Mei 12, 2017, siku ya WannaCry. Tundu lilikuwa katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta za ofisi moja kugawana mafaili. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lililijua na kulitumia kwa shughuli zake, mpaka zana hiyo ikavuja na kuanikwa hadharani. Mdudu aliyetengenezwa kutokana nayo alifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 za bitcoin kwa kila kompyuta. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000. Aliyemzuia ni kijana mmoja wa huko huko, Marcus Hutchins: aliona mdudu anauliza anwani fulani ya mtandaoni isiyo na mwenyewe, akaisajili kwa kama dola 10, kasi ikakatika.

Lawama nyingi zilielekezwa kwa Windows XP, ambayo Microsoft walikuwa wameacha kuihudumia tangu Aprili 8, 2014. Lilionekana jibu la wazi. Kampuni ya Kaspersky ilipohesabu waathirika wake ikakuta takriban asilimia 98 walikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa. Kiraka kilitoka Machi 14, bure, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Mtunzaji alikuwa zamu na alifanya kazi yake, lakini upande wa pili hakuna aliyepokea.

Ni rahisi kuwacheka wasiopokea mpaka ukumbuke bando. Kwetu laptopu nyingi zinakula intaneti ya simu, na mwenye simu amenunua bando la wiki kwa hesabu kali. Windows ikianza kujishushia mamia ya megabaiti usiku, asubuhi hana hata la WhatsApp. Kwa hiyo fundi anapokupigia Windows, jambo la kwanza analokufanyia kwa wema ni kuzima apdeti, na anakwambia kwa fahari: "Hii haitakusumbua tena." La pili ni kuweka kracki, ili Windows isidai leseni. Kracki yenyewe, kabla haijafunguka, inakuomba uzime antivirusi. Programu ikikuomba hivyo imeshakueleza nia yake, lakini ombi hilo tumelizoea kiasi kwamba limekuwa hatua ya kawaida ya usakinishaji, baina ya kuchagua lugha na kuweka saa.

Wapo pia wasemao mfumo unaojirekebisha kila mara ni mfumo mbovu. Ungekuwa mzuri, ungetoka kiwandani umekamilika. Mtu wa pwani hatakiwi kusema hivyo. Jahazi hupandishwa ufukweni, fundi akalikagua ubao kwa ubao, akasokomeza pamba na mafuta kwenye nyufa, na likirudi majini kila mtu anajua kwamba litapandishwa tena. Hakuna anayemtukana aliyeliunda. Bahari inalila, basi linakalafatiwa. Ninachokihofia ni chombo ambacho hakijapandishwa muda mrefu na nahodha wake anakisifia kwamba hakisumbui.

Mtu anayeelewa haya kuliko mashabiki wote ni mama mwenye steshenari karibu na ninapoishi. Kompyuta yake moja ilikuwa ikipokea flashi za mtaa mzima: barua za maombi ya kazi, ripoti za wanachuo, ratiba za mazishi. Virusi vya flashi anavijua kwa sura. Unachomeka, folda zako zote zimegeuka njia za mkato za kilobaiti moja au mbili, kila moja na kishale kidogo pembeni. Folda halisi zipo hapo hapo, zimefichwa tu. Ukibofya ile njia ya mkato, kwanza inakiwasha kirusi, kisha inakufungulia folda yako kama kawaida ili usishtuke, na flashi itakayofuata inaondoka nacho. Ni ujanja wa mtu anayejua binadamu: akishapata alichokuja kukitafuta, haulizi kimepitia wapi. Yeye mama hakusomea haya. Aliona tu wateja wakirudi na malalamiko, akaweka sheria: flashi hapana, nitumie WhatsApp. Wengine wanamnunia. Kwa maoni yangu sheria hiyo imewalinda wateja wake zaidi ya antivirusi aliyowekewa, ambayo leseni yake iliisha na hakuna aliyemwambia.

Kompyuta yake ilinunuliwa Kariakoo, "used kutoka Ulaya" kama wenyewe wanavyosema. Biashara hii ya mtumba ina siri ambayo haifichwi na mtu, ila haisemwi. Oktoba 14, 2025 Microsoft walimaliza huduma ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa zisizo za zamani, kwa hiyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 zimeachwa nje hata kama zinakimbia vizuri. Ofisi ya Ulaya ikiona tarehe kama hiyo inakaribia, inabadilisha mashine zote kwa pamoja, na za zamani zinapakiwa kontena. Muuzaji atakutajia RAM, ukubwa wa diski, muda ambao betri inakaa. Kasoro moja, ile iliyofanya mwenye mali aiuze, haimo katika maelezo. Na kuna kichekesho juu yake: Microsoft waliongeza viraka vya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 13, 2026. Mkazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya anavipata bure. Sisi tuliobaki na mashine zao tutoe dola 30, au tukusanye pointi za Microsoft, au tukubali mipangilio yetu inakiliwe kwenye akaunti yao.

Sina kinyongo na tarehe yenyewe. Hakuna anayeweza kutunza kitu milele, na anayekutangazia siku atakayoacha amekutendea uungwana kuliko anayekuacha bila kuaga. Watu wachache sana hutupa taarifa ya namna hiyo. Tunawategemea wazazi, fundi mmoja wa gari, daktari anayejua historia yetu, na tunaishi kana kwamba wamesaini mkataba usio na mwisho.

Kisa kinachonirudia mara kwa mara, hata hivyo, ni cha Linux. Kuna programu ndogo iitwayo XZ, kazi yake kubana mafaili. Huioni, lakini imo karibu katika kila Linux, zikiwemo seva zinazobeba kazi nzito za dunia. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin, raia wa Finland, katika muda wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana, wenye majina tu, walianza kumwandama hadharani: mbona unachelewa, mbona hujibu, kwa nini humwachii mwingine. Akawajibu kwamba hali ya afya yake ya akili ilikuwa imempunguzia uwezo kwa muda mrefu, na akawakumbusha kuwa hii ni kazi ya kujitolea. Pembeni alikuwepo mchapakazi mpole aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akileta marekebisho mazuri mwezi baada ya mwezi. Collin akampa mamlaka. Februari 2024 Jia Tan akatoa toleo jipya la XZ likiwa na mlango wa siri ndani yake, ambao ungemwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye seva za watu kupitia SSH, njia ambayo mafundi huingilia kwenye seva wakiwa mbali.

Ulibakiza kidogo tu uenee. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Mwingine angeipuuza. Yeye aliifuata nusu sekunde hiyo mpaka ikamfikisha kwenye XZ, akatangaza Machi 29, 2024, kabla toleo hilo halijaingia katika matoleo thabiti ya Linux nyingi kubwa. Ndiyo, mfanyakazi wa Microsoft ndiye aliyeiokoa Linux. Mashabiki wa pande zote mbili hawapendi kukumbushwa.

Watu husimulia jicho la Freund, na anastahili. Mimi hubaki na Collin. Sioni alipokosea. Mtu amebeba mzigo peke yake kwa miaka, anatokea msaidizi anayefanya kazi kweli, unataka amkatae? Aliyevunja mlango hakutafuta kwanza tundu kwenye programu, alitafuta uchovu wa mtu, akauongeza makusudi, kisha akaja na pole. Na sauti zile zilizomsukuma hazikuwa ngeni masikioni mwa yeyote aliyewahi kuwa mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, au katibu wa kamati ya msiba, au mtoto mmoja kati ya sita anayekaa na mama mgonjwa. Simu zote zinamfikia yeye. Zinauliza mbona daftari halijakamilika, mbona dawa zimechelewa. Kaka aliye mbali ana maoni juu ya kila kitu. Ni nadra simu hizo kuuliza kama amelala. Siku akitokea mgeni mwenye maneno laini, akajitolea kushika daftari au kadi ya benki ya mama, tutashangaa wote na kusema alikuwa mzembe.

Simu ya mkononi nimeiacha mwisho, ingawa pesa zetu zimo humo. Fungua mipangilio ya Android yako, nenda sehemu inayohusu simu, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Google tangu Pixel 8 ya 2023, na Samsung tangu Galaxy S24 ya 2024, wameahidi miaka saba ya viraka kwa simu zao za bei ya juu. Simu za bei ya chini, ambazo ndizo tunazonunua wengi, huhudumiwa kwa muda mfupi zaidi. Nimewahi kuwaonyesha ndugu tarehe hiyo na wakaiangalia kama wanaangalia namba ya chesisi.

Hata hivyo ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inaingia iPhone mpya, inaingia Android ya zamani, inaingia kitochi kisichojua intaneti ni nini. Haihitaji tundu lolote kwenye mfumo. Inahitaji tu mtu ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma, ana haraka, na hakupiga simu kuuliza. Hapo hakuna kiraka kitakachoshushwa usiku.

Turudi steshenari. Kijana mmoja wa chuo alimshauri yule mama aachane na Windows, amwekee Linux Mint, na mimi nikaungana naye. Nilimweleza kwamba mashine yake ya mtumba itaendelea kupata viraka hadi 2029 bila leseni wala kracki, kwamba virusi vya flashi vile anavyovijua vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwamba wako watu duniani wanaoitazama Linux kila siku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akahesabu chenji ya mteja, akaniuliza kama printa yake itakubali. Nikamwambia tutaijaribu kwanza.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Na huyo kijana anakaa wapi? Namba yake inapatikana usiku? Maana wanachuo wanaleta ripoti saa nne."

Nikampa namba.