Kalamu Nyekundu Eastlands

Ualimu wangu wote nimeufanya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, katika shule za sekondari za kutwa zinazopokea watoto wa Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole. Somo langu ni Kiswahili. Kipindi chote hicho nimesikia lawama moja ikirudiwa katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi na magazetini kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, kwamba Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, imeua Kiswahili. Siikubali, na sababu zangu zimo katika madaftari niliyosahihisha. Kosa linalokula alama si msamiati wa Sheng. Ni nadra mwanafunzi kuandika "mathe" au "chapaa" katika barua rasmi, kwa kuwa anajua hapo si mahali pake. Yanayomponyoka ni "kitabu yangu", "viatu zake", "hii maneno", na "anakujanga" palipofaa "huja". Hayo hayakuanzia kwa vijana. Ndivyo wanavyosema kondakta, mhubiri na muuza mboga, na mara nyingi hata mzazi aliyekuja shuleni kuilalamikia Sheng. Hicho ni Kiswahili cha Nairobi, kilichokua Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni tangu enzi za ukoloni, miongoni mwa watu waliofika mjini na lugha mbalimbali wakahitaji kuelewana upesi. Mtoto wa leo amezaliwa ndani yake. Mpigie Sheng marufuku kutwa kucha, ngeli zitabaki vilevile.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tunafundisha kwa lengo gani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa cha lazima na cha kutahiniwa, jambo jema lililokipa somo hadhi ambayo halikuwa nayo. Lakini mtihani ukageuka kuwa lengo lenyewe, na mwalimu akawa mwindaji wa makosa. Ajabu ni kwamba mtihani wenyewe una hekima kuliko desturi zetu. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE imekuwa ikitenga alama 10 kati ya 80 kwa isimujamii, inayomtaka mwanafunzi aeleze kwa nini watu husema hivi sokoni na vile mahakamani. Katika eneo hilo kijana wa Eastlands amekuja shuleni na ujuzi tayari. Anajua kwamba Sheng ya Dandora si ya Buruburu, kwamba neno la mwaka jana leo ni la wazee, na kwamba hamsemeshi nyanyake jinsi anavyomsemesha rafikiye. Aliyeyamudu hayo hawezi kuitwa mvivu wa lugha. Kumfundisha Kiswahili sanifu ni kumwongezea mlango mwingine, ule wa ofisi, redio, fasihi na Afrika Mashariki nzima. Lugha aliyo nayo haihitaji kubomolewa.

Wenzangu hunijibu kwamba kuikaribisha Sheng darasani ni kuibariki, na kwamba mzazi anayelipa karo kwa taabu anadai alama. Dai la mzazi ni la haki kabisa, nami sikubali Sheng katika barua ya kuomba kazi. Ila katika insha, ikitoka kinywani mwa mhusika, ina kazi yake. Wanaoshikilia marufuku husahau umri wa wanaowafundisha. Kijana wa miaka 15 anaogopa kuchekwa na wenzake kuliko anavyoogopa sifuri. Ukimkatiza katikati ya sentensi ili umrekebishie ngeli, atanyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza hana sentensi ya kusahihishwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba mazungumzo yaachwe yatiririke na kalamu nyekundu ingoje daftari. Hapo ngeli zifundishwe kwa ukali wote unaotakiwa, kwa kulinganisha waziwazi: mtaani tunasema "viatu zake", sanifu ni "viatu vyake", na kiambishi ni hiki. Wapo wanaoona ulinganisho huo ni kupoteza muda wa silabasi. Lakini muda zaidi hupotea tukilisahihisha kosa lilelile mwaka baada ya mwaka bila kumwambia mwanafunzi limetoka wapi.