Kiwanja Hutazamwa Masika

Mwezi wa Januari tulikwenda Tanga, akina mama sita wa kikundi kimoja cha kuweka akiba, kutazama kiwanja. Tulikusudia kujenga vyumba vinne vya kupangisha, ili kodi yake itusaidie ada za watoto. Tulionyeshwa mahali pazuri nje kidogo ya mji: tambarare, pakavu, karibu na barabara, na kwa bei nafuu. Wawili kati yetu walitaka tulipe siku ile ile. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa barazani kwake akisuka ukili, alitusikiliza kisha akasema: “Wanangu, rudini masika.”

Tulirudi Aprili. Pwani ya Tanga masika huanza Machi hadi Mei. Kiwanja chetu hatukukiona. Maji yalifika magotini. Katika nyumba ya pili yake magodoro yalikuwa yamepandishwa juu ya meza, choo cha shimo kimefurika, na wapangaji wawili walikuwa wamekwisha kuhama. Hapo ndipo tulipoelewa sababu ya ile bei.

Kesho yake tuliteremka Pangani, mwendo wa kilometa zipatazo 50 kusini. Huko kuna nyumba za mawe na chokaa zilizojengwa karne ya 19. Zilizotunzwa paa bado zimesimama, baraza zao zimeinuliwa juu ya njia ya maji. Zilizoachwa bila paa zimebomoka kuta, kwa kuwa mvua iliingia kutoka juu. Fundi mmoja alitueleza pia kwamba upepo wa bahari una chumvi: mabati hupata kutu upesi, na nondo ndani ya zege huvimba na kuipasua. Anayejengea mchanga wa ufukweni usiooshwa huitia chumvi hiyo ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Tena tusisahau kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada hutuambia kwamba mwenye nyumba ya kupangisha huko hutenga fedha za kuondoa theluji kila majira ya baridi. Katika miji mingi, asiposafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake hutozwa faini. Sisi theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro tu, lakini masika ni gharama yetu ya kila mwaka. Anayehesabu kodi ya miezi 12 bila kutoa bei ya bati, rangi, kuzibua mitaro na chumba kitakachokaa kitupu, anajidanganya.

Mwezi wa Juni tulinunua kiwanja kingine, kidogo zaidi na ghali zaidi, penye mwinuko. Fedha zilitosha vyumba vitatu tu. Tulichimba mtaro kabla ya kuinua ukuta, na sehemu moja ya kumi ya kodi tunaiweka kando kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Masika yaliyofuata hakuna mpangaji aliyehama.

Mama mwenzetu, ukiitwa kutazama kiwanja pwani, usiende na fedha mkononi. Nenda kwanza na mwavuli, na umsalimie bibi wa jirani.