Seli za Ndoano

Selimundu ni jina zuri kwa mtu aliyekulia shambani. Remba ni mwamba na mabati tu. Watoto niliokuwa nawafundisha sayansi jioni, wengi wao hawajawahi kushika mundu. Lakini ndoano? Hiyo wanaijua hata gizani.

Basi nikaachana na mchoro wa kitabuni, lile yai lenye doa katikati. Nikawaambia seli nyekundu ya damu ni mviringo uliobonyea, laini, inajikunja ikapenya kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Kazi yake kubeba oksijeni, na huishi kama siku 120. Ile ya selimundu ikishaachilia oksijeni hupinda, hukakamaa, na mara nyingi haifikishi hata siku 20. Sasa tupa ndoano za mbuta kwenye karai, halafu jaribu kutoa moja.

"Zinashikana!"

Ndiyo. Zikishikana kwenye mshipa, damu haipiti, na mifupa inauma vibaya sana.

Msichana mmoja akauliza polepole, "Ticha, kwani si ni chira?" Ndugu yake mdogo hulia usiku, na majirani wanasema mama yao alivunja mwiko.

Nikamwambia hapana. Mtoto huugua akipata nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba, na wazazi wote wanaweza kuwa wazima kabisa. Mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954. Ndiyo maana imejaa huku kwetu ziwani, kwenye mbu.

"Kwa hivyo hata baba?"

"Hata baba."

Akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, mara mbili.