Barabara ya Kama: mama mwenye kitunga na lori lenye haraka



Juma hili tunawapeleka kwetu Kama, katika teritware ya Pangi, nchi ya Walega. Wenye ndugu huku wanajua: toka Kindu ni safari ndefu ya kuelekea mashariki, ndani ya pori. Ukipita Kama na kuendelea mbele, njia inaelekea Kamituga na Mwenga, mpaka Bukavu. Mto Elila, unaoshuka toka milima ya Itombwe kwenda kuingia Lualaba, unapita katika teritware yetu. Reli inayotoka Katanga inaishia Kindu, kwetu haifiki. Lami nayo haifiki. Chumvi, sabuni, sukari, vitenge na dawa vinaingia kwa barabara ya udongo. Mpunga, mawese na karanga vinatoka kwa barabara hiyo hiyo: juu ya mgongo wa mama, juu ya kinga, juu ya pikipiki, ao ndani ya lori.

Ndugu zetu walio Ulaya wanatuambia juu ya barabara kubwa za kule, ambazo mtu wa miguu amekatazwa hata kuzikanyaga. Nao wanalalamika juu ya malori yanayowafuata karibu karibu nyuma ya gari na kuwawashia taa. Tunawahurumia, lakini wao wako ndani ya gari, wamefungwa mkanda. Kwetu barabara ni ya wote. Ni njia ya kwenda shamba, njia ya watoto wa masomo, mahali pa kuanika muhogo na mpunga, mahali pa kuuza ndizi, na njia ya lori lenye kubeba tani na tani. Pahali pengi upana wake unatosha gari moja tu, na majani marefu yako pande zote mbili. Lori likija, mmoja lazima atoke. Kila mtu anajua ni nani.

Mashofere wengi ni watu wema. Wanapunguza mwendo, wanatoa mkono dirishani, wanasalimia kwa jina. Hawa tunawapenda. Lakini wako wengine ambao klaksoni yao haiombi njia, inaamuru. Wanapita katikati ya soko kama vile hakuna watu, wanawarushia watoto potopoto, na ukichelewa kutoka wanakutukana wewe na mama yako. Juu ya hao ndiyo tunataka kuzungumza, kwa sababu katika vikundi vyetu wamama wanauliza: tufanye nini nao?

Tuanze na mama mwenyewe. Kwetu mzigo mzito tunabebea mgongoni, ndani ya kitunga, kamba ikipita juu ya paji la uso. Anayebeba hivyo shingo yake imefungwa. Anasikia lori nyuma, lakini hawezi kugeuza kichwa. Lazima ageuze mwili wote, na mzigo wa kilo 40 unamvuta. Akigeuka, mguu mmoja unaingia katikati ya barabara. Hatari kubwa iko hapo, katika ile hatua moja ya kutaka kuona. Kwa hiyo wamama wa zamani wanawafundisha wasichana hivi: kwanza toka, kisha geuka. Ingia ndani ya majani moja kwa moja, simama, halafu tazama kinachokuja.

Jambo la pili ni upande wa kutembea. Katika nchi yetu magari yanashika upande wa kuume. Mtu wa miguu anayetembea upande wa kushoto anatazamana na gari linalomjia upande huo. Ni kweli kwamba kwenye njia nyembamba lori linakamata katikati yote, lakini hata hapo ni afadhali kuona uso wa lori kuliko kulisikia mgongoni.

Jambo la tatu ni watoto. Mama akiwa upande mmoja na mtoto upande mwingine, lori likitokea, mtoto anakimbia kwa mama yake. Hatazami kitu kingine. Basi tusimwite mtoto avuke wakati lori limekwisha kusikika. Tumwambie abaki pale alipo, ama sisi wakubwa tuvuke mapema kwenda kwake. Na tumshike kifundo cha mkono, si vidole, kwa sababu vidole vinateleza. Wakati wa kiangazi tuongeze hili: malori yanapenda kutembea mawili ao matatu pamoja, ili moja likikwama lingine livute. Lori la kwanza likipita, vumbi linafunika yote. Mtoto anadhani kwamba imekwisha, anaingia barabarani, na la pili liko ndani ya vumbi. Tungoje vumbi lishuke.

Na shofere tumwambie nini? Tumwambie kwamba klaksoni si freni. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, linapita karibu metre 17 kwa kila sekunde. Kabla mguu wake haujagusa freni, amekwisha kupita nyumba moja na ua wake. Lori lenye mzigo, juu ya changarawe ao potopoto, linaendelea mbele zaidi tena. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ndizo sababu ya kwanza ya kifo. Wengi wa wanaokufa ni watu wa miguu, wa kinga na wa pikipiki, yaani watu kama sisi.

Mashofere hao hao wanakula kwetu. Wanakaa juu ya mabenchi yetu, wanakula wali na sombe, na wakishiba wanasema yaliyo moyoni. Wanasema mwenye lori anahesabu siku. Wanasema kila barieri inataka franga. Wanasema wamelala chini ya gari, wakingoja lori la mbele litolewe katika shimo. Shofere aliyekwama siku tatu, akitoka anataka kuzirudisha siku zake tatu kwa saa moja. Anazirudisha juu ya migongo yetu. Tunamwelewa, lakini hatumpi ruhusa. Kodeksi ya barabara ya nchi yetu, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka shofere alinganishe mwendo wake na hali ya barabara. Haisemi kwamba aliyechoka ana haki ya kukimbia.

Vijana wetu wana jibu lao: mawe na magogo. Tunawaomba wamama tulikatae jibu hilo hata kama hasira ni ya haki. Jiwe likivunja kioo, shofere anaacha usukani, na lori linaenda linapotaka. Kuna jambo lingine zito kuliko hilo. Huku kwetu, mtu akigongwa, mara nyingi gari pekee linaloweza kumfikisha hospitali ni lile lile lililomgonga. Shofere akijua kwamba vijana wanamngoja na mapanga, hatasimama. Atakimbia, na mgonjwa atabaki pale. Tunataka asimame. Ili asimame, lazima ajue kwamba atawakuta wazee na wamama, na kwamba mambo yake yatapelekwa kwa polisi na kwa chefu, si kwa fimbo.

Basi nguvu zetu ziko wapi? Barabarani hatuna. Ziko pale lori linaposimama. Ni sisi wenye chakula na wenye mizigo. Wamama wa biashara wakikubaliana kwamba mpunga wao hautapanda kwa shofere anayejulikana kwa wazimu, mwenye lori atasikia habari hiyo haraka kuliko hotuba yoyote. Kabla ya kupakia, tuulize: Papa shofere, umelala usiku? Unatoka leo ao kesho? Magurudumu yakoje? Tumuulize kwa heshima, kama tunavyomuuliza mtu wa nyumbani. Na nauli tuilipe nusu wakati wa kupanda, nusu wakati wa kufika. Wanaokaa juu ya magunia wakiona anakimbia sana, wagonge kichwa cha gari wote pamoja. Mmoja akigonga, anaambiwa ni mwoga. Kumi wakigonga, lori linapunguza.

Hapa tufike kwenye neno gumu: lotoko. Wamama wengine wanaoishi kwa kuuza pombe hiyo ni wanakikundi wenzetu. Tulipozungumza juu ya kutowauzia mashofere, yaya mmoja alisimama akauliza: "Mtoto wangu atalipa masomo na nini?" Hakuna aliyemcheka, maana swali lake ni la haki. Tulizungumza muda mrefu, na hatukukubaliana juu ya yote. Tuliloafikiana ni hili: shofere anayelala hapa mpaka asubuhi ni mgeni kama wageni wengine, anayeendelea na safari auziwe chakula na chai, asiuziwe lotoko. Na yule anayepoteza kwa ajili ya hilo apewe zamu ya mapema katika likelemba, apate mtaji wa kupika wali. Tutaona kama tutalishika. Linatugharimu, lakini watoto wanaopita hapo saa moja asubuhi ni wetu sote.

Kuna pia mafunzo mawili yaliyotoka mbali na Kama, na yote mawili yalilipwa kwa damu.

La kwanza ni la Sange, katika Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya Uvira. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka katikati ya mji. Mafuta yakamwagika, watu wakakusanyika, wengine wakiteka kwa mabidoni. Kisha moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na watoto wengi walikuwemo. Hawakuwa wajinga. Walikuwa maskini walioona kitu cha bei kimemwagika bure, kama ambavyo sisi pia tungeona. Kwa hiyo tuwafundishe watoto sasa, kabla ya siku hiyo: lori la mafuta likianguka, tunakimbia mbali nalo, hatulikaribii hata na bidoni tupu.

La pili ni la Londiani, nchini Kenya. Tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena lilitoka katika njia yake kwenye njiapanda, likaingia kati ya magari na watu waliokuwa wakiuza kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Walikuwa wamekaa pale kwa sababu pale ndipo wanunuzi wanaposimama, kama sisi tunavyofanya. Tutazame basi meza zetu ziko wapi. Chini ya mtelemko si mahali pa kuuza, kwa maana lori ambalo freni zake zimeshindwa linashuka na kufika hapo hapo. Kwenye kona vilevile si mahali. Afadhali meza irudi nyuma hatua ishirini, na mnunuzi atembee hatua hizo ishirini.

Kwa wakubwa wetu tuna maombi madogo. Lori likifanya ubaya, tuandike tarehe, saa, mahali na namba ya gari, bila matusi, na tupeleke karatasi kwa chefu na kwa polisi. Karatasi moja inapotea. Karatasi kumi zenye namba ya gari moja haziwezi kupotea zote. Tuombe pia tuta la kupunguza mwendo mbele ya masomo na mbele ya soko. Lakini tusilichimbe wenyewe usiku, kwa sababu tuta lisilo na alama linapindua pikipiki iliyombeba mama mjamzito.

Umoja wa Mataifa umeweka Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi na moja kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa barabarani. Kwetu siku hiyo inapita kimya. Tungependa mwaka huu vikundi vya Kama, na vya Kalima na Kindu vinavyotusoma, viwaalike mashofere watakaokuwa wamelala hapo wakati huo. Tuwapikie, tuwaonyeshe watoto wetu, tuwaambie majina yao. Ni vigumu zaidi kumwamuru kwa klaksoni mtoto unayejua jina lake.

Katika mkutano wenu wa juma hili, jiulizeni maswali mawili: katika barabara yetu, ni mahali gani ambapo mama mwenye kitunga hana pa kuingia lori likija? Na nani ataenda na jembe kufyeka majani pale, Alhamisi ao Ijumaa?

Mbaki na amani, na mfike salama mahali mnapokwenda.